Yaliyomo ndani ya dawa ya meno, na swali la katoni mbili zilizorudishwa



Mwaka uliopita ofisi ya miradi ya dayosisi ilipeleka miswaki na dawa ya meno katika shule za chekechea za sharika zetu zilizoko kwenye miteremko ya Mlima Meru. Walimu walikuwa wametueleza kwamba watoto wengi wanakuja shuleni wakiwa na meno yaliyotoboka, na kwamba wengine hushindwa kula uji kwa sababu ya maumivu. Baada ya wiki chache, usharika mmoja uliturudishia katoni mbili zikiwa hazijafunguliwa. Wazazi walikuwa wamesoma kwenye boksi kwamba ndani ya dawa ile kuna floraidi.

Wazazi wa maeneo hayo hawaijui floraidi kwa kuisoma vitabuni. Wanaiona kila siku katika meno ya kahawia ya watoto wao, na wanawajua majirani ambao miguu yao imepinda kwa sababu ya maji. Kwa hiyo kamati ya usharika ilituuliza swali moja: inakuwaje kanisa linajenga matangi ya maji ya mvua ili kuiondoa floraidi, na wakati huohuo linawaletea watoto floraidi ndani ya tyubu?

Swali hilo ni la haki, na siku ile hatukuwa na jibu la kutosha. Tangu wakati huo tumeketi na wataalamu wa afya ya kinywa na wa maji, tumesoma, na tumepiga hesabu. Makala hii ni jibu letu kwa kamati ile na kwa kamati nyingine zote. Ni taarifa pia kwa marafiki na wafadhili wetu, ambao fedha zao ndizo zilizonunua katoni zile.

JINO LINAOZAJE?

Ili kuelewa kazi ya dawa ya meno ni lazima kwanza tuelewe kazi iliyopo. Juu ya jino hujengeka utando laini wa bakteria, ambao wengi wetu tunauita ukoga. Bakteria hao hula sukari tunayokula sisi. Wanapoila hutoa asidi. Mdomo unapofikia uchachu wa pH iliyo chini ya takriban 5.5, madini ya gamba gumu la nje la jino huanza kuyeyuka. Mate huja baadaye, huipunguza asidi na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea.

Kwa hiyo kila siku jino hupoteza madini na kurudishiwa. Mtoto anayekunywa chai ya sukari asubuhi, akala pipi saa nne na kunywa soda mchana, hayapi mate yake nafasi ya kurudisha kilichopotea. Baada ya miezi kadhaa tundu hutokea. Dawa ya meno inasaidia katika sehemu mbili za vita hii: kuuondoa ukoga na kuyarudisha madini.

TUIFUNGUE TYUBU

Ukisoma maandishi madogo nyuma ya tyubu utaona majina mengi yanayotisha. Kwa kweli yanaweza kupangwa katika makundi machache, kila moja na kazi yake.

Kitu cha kusugua. Mara nyingi hii ni chokaa laini iitwayo kalsiamu kaboneti, au silika, ambayo ni ndugu wa mchanga lakini imesagwa ikawa unga mwembamba. Katika dawa za bei nafuu zenye chokaa, unga huu huweza kufikia karibu nusu ya uzito wote. Kazi yake ni kusaidia mswaki kuondoa ukoga na madoa ya chai.

Kitu cha kutunza unyevu. Glisarini na sobitoli huzuia dawa isikauke na kuwa jiwe ndani ya tyubu. Sobitoli pia ina utamu, lakini bakteria wa mdomoni hawawezi kuitumia kwa urahisi kama wanavyotumia sukari.

Kitu cha kushikanisha. Bila hiki, unga ungetuama chini na maji yangeelea juu. Watengenezaji hutumia gundi za namna mbalimbali, na mojawapo ni karajini, ambayo hutolewa katika mwani. Mwani unaolimwa na akina mama wa Unguja na Pemba, kilimo kilichoanza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, huuzwa nje ya nchi kwa ajili ya karajini hiyo. Basi huenda dawa uliyonunua dukani kwa mangi ina jasho la mkulima wa Paje.

Kitu cha kutoa povu. Kinachotumika zaidi ni sodiamu lauri salfeti, ambayo imo pia katika shampuu. Povu husaidia kusambaza dawa na kubeba uchafu, lakini povu jingi halimaanishi usafi mwingi. Baadhi ya watu wenye vidonda vya mdomo vinavyojirudia hupata nafuu wanapochagua dawa isiyo na kiungo hiki. Ndicho pia kinachofanya chungwa liwe chungu ukilila mara baada ya kupiga mswaki.

Ladha na rangi. Mnanaa na mentholi huleta ubaridi, na sakarini huleta utamu. Titaniamu dioksidi huifanya dawa iwe nyeupe, na haina faida nyingine kwa jino. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kama kiungo cha chakula mwaka 2022. Viungo hivi vipo ili tupende kupiga mswaki, na kwa mtoto hapo ndipo penye hatari ndogo: dawa yenye ladha ya pipi humfanya aimeze.

Nyongeza. Dawa za meno yenye ganzi huwa na potasiamu naitreti, ambayo hutuliza neva za jino. Nyingine huwa na chumvi za zinki kwa ajili ya harufu ya kinywa. Zipo zenye karafuu au mitishamba mingine. Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu kwa muda, lakini hayazibi tundu.

Floraidi. Kiungo hiki ni kidogo kuliko karibu vyote. Dawa ya kawaida ya watu wazima ina kati ya sehemu 1,000 na 1,500 za floraidi katika kila sehemu milioni, kipimo kinachoandikwa kwenye tyubu kwa herufi ppm. Hiyo ni kama miligramu moja hadi moja na nusu katika kila gramu ya dawa. Hata hivyo, ndicho kiungo chenye ushahidi mkubwa zaidi wa kuzuia meno yasioze. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floraidi ya kiwango hicho katika orodha yake ya dawa muhimu.

Floraidi inapokaa juu ya jino huharakisha kurudi kwa madini, na gamba linalojengwa upya huwa gumu zaidi. Gamba la kawaida huanza kuyeyuka kwenye pH ya 5.5, lakini lile lililopata floraidi huvumilia mpaka karibu 4.5. Tunaomba msomaji alishike jambo hili: kazi hiyo hufanyika juu ya jino, kwa nje. Hakuna haja ya kuimeza.

MENO YA KAHAWIA YALIYOFUNDISHA DUNIA

Jambo la kushangaza ni kwamba faida ya floraidi iligunduliwa kutokana na madhara yake. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alifungua kazi katika mji wa Colorado Springs, nchini Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia kama ya watu wetu wa Meru. Alichunguza kwa miaka mingi, na akaona pia kwamba meno hayo hayakuoza upesi. Mwaka 1931 wanakemia walipima maji ya maeneo ya namna hiyo na kukuta floraidi nyingi. Ndipo watafiti wakauliza kama kipo kiwango kidogo kinacholinda jino bila kulitia doa. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ulikuwa wa kwanza duniani kuongeza floraidi katika maji yake, kwa kiasi cha takriban miligramu moja kwa lita. Dawa za meno zenye floraidi zilifuata katika miaka ya 1950.

Kwetu Mungu hakutupa upungufu. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyapa maji yetu floraidi nyingi katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, lakini vipo vyanzo chini ya Mlima Meru vinavyopita kiwango hicho mara nyingi.

Doa la kahawia haliingii kwenye jino lililokwisha kuota. Linaingia wakati jino bado linaumbwa ndani ya fizi, tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi, na kwa meno ya mbele hasa katika miaka mitatu ya mwanzo. Floraidi iliyomezwa hupita katika damu, hulifikia jino changa na kuharibu uumbaji wa gamba lake. Ikizidi sana, jino huota likiwa na mashimo na humeguka, hata ule ulinzi tuliousema hupotea. Na mtu akiendelea kunywa maji hayo kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika.

Hili linatupa jibu la kwanza kwa kamati yetu. Floraidi ni ileile, lakini njia ni mbili. Ya dawa ya meno hugusa jino kwa nje na kutemwa. Ya maji humezwa kutwa nzima, na huliharibu jino kabla halijaota.

HESABU YA SIKU MOJA

Hata hivyo, wazazi wale hawakukosea kabisa. Tutazame mfano wa mtoto wa miaka mitatu. Kwa watoto wa mwaka 1 hadi 3, wataalamu wa lishe wa Marekani waliweka mwaka 1997 kiwango cha juu cha miligramu 1.3 za floraidi kwa siku, kutoka vyanzo vyote.

Tuseme mtoto huyu anatumia lita moja ya maji kwa siku, pamoja na ya chai na ya uji, na chanzo cha nyumbani kina miligramu 5 kwa lita. Amekwisha kupata miligramu 5 kabla hajaushika mswaki.

Sasa tuone dawa yenye ppm 1,000. Ukiujaza mswaki wote kama inavyoonyeshwa katika matangazo, umeweka kama gramu moja. Mtoto akiimeza yote, mara mbili kwa siku, ni miligramu 2. Ukiweka kiasi cha punje ya njegere, ambacho ni kama robo gramu, na akaimeza yote, ni nusu miligramu kwa siku. Ukiweka kiasi cha punje ya mchele, ambacho ni kama sehemu moja ya kumi ya gramu, ni miligramu 0.2 tu. Na akitema, hupungua zaidi.

Hesabu hii inasema mambo mawili. Kwanza, kuirudisha dawa na kuendelea kunywa maji yaleyale ni kufunga dirisha na kuuacha mlango wazi. Pili, mswaki uliojaa dawa mikononi mwa mtoto asiyejua kutema nao si salama, kwa kuwa peke yake unapita kiwango cha siku.

Hapa inatupasa kukiri kosa letu. Tulipeleka katoni bila maelekezo. Katika chekechea mbili tulizotembelea, walimu walikuwa wakijaza mswaki kwa ukarimu, na watoto walikuwa wakimeza kwa sababu ya ladha ya tunda. Tulihesabu tyubu zilizogawiwa, tukaziandika katika ripoti, na hatukuuliza zinatumikaje wala kila chekechea inapikia maji gani.

UVUMI NA MAZOEA

Katika mikutano na wazazi yalijitokeza mambo mengine, nasi tunayajibu kwa kifupi.

Ipo habari inayosambazwa kwenye simu kwamba mraba wa rangi ulioko kwenye mkia wa tyubu unaonyesha kama dawa ni ya asili au ya kemikali. Si kweli. Alama hiyo inaielekeza mashine ya kiwandani mahali pa kukata na kufunga tyubu.

Vijana wengine husugua meno yao ya kahawia kwa mkaa, mchanga, au dawa za kung'arisha. Inasikitisha, kwa sababu wanafanya hivyo kwa aibu. Doa la maji limo ndani ya gamba lenyewe, kwa hiyo kusugua hakuliondoi. Kinachoondoka ni gamba, na gamba halioti tena. Daktari wa meno anazo njia za kusaidia, na kijana atumwe kwake kabla hajajiumiza.

Wapo waliouliza kuhusu mswaki wa mti, ambao wazee wetu waliutumia kabla ya tyubu kufika. Ukitumiwa vizuri, kila upande na taratibu, huondoa ukoga. Familia isiyo na fedha ya dawa isione kwamba haiwezi kufanya lolote. Kupiga mswaki bila dawa ni bora kuliko kutopiga kabisa.

Wengine huchemsha maji wakiamini kwamba wanaondoa floraidi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi hubaki palepale, na maji yakipungua sufuriani huwa imezidi. Magadi tunayotumia kulainisha maharage na makande nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Chakula cha mtoto mdogo kipikwe bila magadi.

TUNACHOZIOMBA KAMATI ZA SHARIKA

Kutokana na haya, tumebadilisha utaratibu wa mradi. Kuanzia sasa dawa ya meno haitapelekwa peke yake. Tunaziomba kamati zifuate hatua hizi:

1. Maji yapimwe kwanza. Kila kamati ijue kwa tarakimu chanzo cha chekechea yake kina miligramu ngapi kwa lita. Kuangalia kwa macho au kuonja hakutoshi, maana floraidi haina rangi wala ladha ya kukuonya.

2. Maji ya watoto wadogo yatangulie. Si lazima maji yote ya nyumbani yabadilishwe. Ya kufulia na kunywesha ng'ombe yanaweza kusubiri. Chekechea ya watoto 40, kila mmoja akitumia nusu lita kwa kunywa na kwa uji, huhitaji lita 20 kwa siku. Tangi la lita 5,000 za maji ya mvua hutosha siku 250, ambazo zinazidi siku za masomo za mwaka mzima. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 100 za mvua huweza kutoa hadi lita 6,000 kabla ya upotevu. Mvua za masika zikivunwa vizuri, tangi litajaa. Hesabu ya nyumbani ni hiyohiyo, familia ikitumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika tu.

3. Pasipo na paa zuri, utumike mchujo wa mkaa wa mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi kwa miaka mingi juu ya njia hii ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto maalumu. Kamati ikumbuke kwamba mkaa huo huchoka. Lazima maji yapimwe tena na mkaa ubadilishwe, la sivyo mchujo hubaki kuwa ndoo tu.

4. Dawa itumike kwa kipimo. Kwa mtoto chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Kwa miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Mtu mzima ndiye aweke dawa, na mtoto afundishwe kutema. Mahali ambapo maji bado yana floraidi nyingi na mtoto hajui kutema, atumie mswaki na maji matupu mpaka daktari wa meno atoe ushauri.

5. Watoto wakubwa na watu wazima watumie dawa yenye floraidi bila hofu. Kwenye tyubu tafuta neno lenye herufi “fluor” na tarakimu ya ppm kati ya 1,000 na 1,500. Angalia pia tarehe ya mwisho ya matumizi. Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, hasa kabla ya kulala. Ukimaliza tema, lakini usisukutue kwa maji mengi, maana utaiosha floraidi kabla haijafanya kazi.

6. Sukari ipungue. Uji wa chekechea upikwe bila sukari au kwa sukari kidogo, na biashara ya pipi kwenye lango la shule izungumzwe katika kikao cha wazazi. Hakuna dawa ya meno inayoshinda sukari ya kutwa nzima.

KWA MARAFIKI NA WAFADHILI WETU

Tunajua kwamba picha ya mtoto akitabasamu na mswaki mkononi hupendeza katika ripoti kuliko picha ya mfereji wa paa. Lakini tunawaandikia kwa uwazi: kwa mtoto wa chini ya Mlima Meru, mfereji wa paa, tangi lake na kupima maji ndivyo vitakavyoamua meno yake ya ukubwani yatakuwa na rangi gani na miguu yake itanyooka namna gani. Dawa ya meno ina nafasi yake, na nafasi hiyo ni baada ya maji. Tunaomba michango ya awamu ijayo ifuate mpangilio huo.

Katoni mbili zile bado ziko stoo, na tarehe yake haijapita. Usharika uliozirudisha umekubali kuzipokea kwa sharti kwamba tangi la chekechea lijengwe kwanza. Tumelikubali sharti hilo. Tunawashukuru wazazi wale kwa kusoma maandishi madogo ya boksi ambayo sisi wenyewe hatukuyasoma, na tunaziomba kamati nyingine ziige mfano wao: someni, ulizeni, na msione haya kuturudishia kitu ambacho hatujakieleza vya kutosha.